Sebule ya Bi Khazna

Mama mkwe wangu, Bi Khazna, alikuwa na funguo nyingi kiunoni, lakini uliofungwa uzi mwekundu ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa sebule. Nilipoolewa nikaja hapa mji wa Salt kutoka Irbid, alinionyesha jikoni, akanionyesha kisima, akanionyesha kamba ya kuanikia nguo. Tulipofika mlango wa sebule akaufungua kiasi cha kichwa kupita, akanisogeza mbele kwa kiwiko, akasema, "Umeona? Basi." Kisha akafunga.

Nilichokiona kilinitosha mwaka mzima. Makochi ya mahameli rangi ya komamanga, bado yamo ndani ya nailoni yake ya dukani. Taa ya vioo ikining'inia. Zulia ambalo hata paka wa nyumba alijua halikanyagwi. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliendesha lori Kuwait ujana wake wote, na makochi hayo ndiyo aliyorudi nayo. Wanasema njia nzima ya jangwani yeye alikaa juu ya gunia, makochi yamefungwa mablanketi vizuri kuliko alivyofungwa yeye.

Wala hakuyakalia. Akitoka kazini, mgongo unamuuma, mkewe akimwambia, "Baba Muflih, kaa basi hata leo," yeye hujibu, "Haya ya wageni," halafu huyo, kwenye godoro lake sakafuni. Siku zake za mwisho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Binti yetu Rudaina akija kuposwa, wazee wa jaha wanaokuja kumwomba wakae juu ya makochi yangu." Bi Khazna akamjibu, "Watakaa." Hilo neno lake moja ndilo lililoifunga sebule ile kuliko kufuli.

Sasa mjue nyumba yenyewe. Ni ya mawe ya manjano, imepachikwa kwenye mteremko kama jirani zake wote, na ukuta wa nyuma wa sebule umeegemea mlima wenyewe. Juu yake kuna paa la bapa, na juu ya paa mzabibu alioupanda marehemu. Kiangazi ni pepo tupu. Kipupwe kikiingia, majani ya mzabibu huanguka, hulala kwenye mdomo wa mlizamu wa kutolea maji, na maji yakikosa njia hukaa juu ya paa yakitafakari pa kuingilia. Kila Arobaini ya baridi, zile siku arobaini kali, ikikaribia, Bi Khazna humwambia mume wangu, "Muflih, panda ukazibue mlizamu." Muflih husema, "Kesho, mama." Na Bi Khazna humwambia, "Kesho yako ina mvi, mwanangu."

Sisi wenyewe, pamoja na watoto wangu, kipupwe chote tuliishi katika chumba kimoja, kama kila mtu. Katikati jiko la mafuta ya taa, juu yake birika, pembeni ya birika maganda ya machungwa na vipande vya mkate vikikauka. Juu ya vichwa vyetu, kamba ya nguo mbichi. Ukinyanyuka ghafla unapigwa kofi na soksi. Birika lilitoa mvuke asubuhi hadi jioni, madirisha yalitiririka, na wimbo wa nyumba ulikuwa mmoja: "Funga mlango, joto linatoka!" Joto tulilizuia kweli. Mvuke hatukuuzuia, ukawa unajipenyeza chini ya milango kwenda kutafuta mahali pa baridi pa kutua, na nyumba nzima hapakuwa na mahali pa baridi kama sebuleni.

Rudaina, wifi yangu, alilala chumba kilichopakana na sebule. Kati yao palikuwa na mlango wa mbao wa zamani, umefungwa kwa ufunguo wa uzi mwekundu, kitanda chake kimesukumwa hapo hapo. Na Rudaina alikuwa na kikohozi. Zeituni zikikamuliwa kinaanza, lozi zikichanua kinakwisha, na kiangazi chote hakohoi hata kwa bahati mbaya. Bi Khazna alisema ni kifua cha bibi mzaa baba. Alimpa asali na kitunguu, akampaka mafuta ya zeituni ya moto mgongoni, daktari akampa dawa ya kuvuta, na kikohozi kikabaki pale pale.

Tatizo ni kwamba wachumba nao huja kipupwe, ili harusi iwe kiangazi. Akija mama wa kijana kumtazama binti, Bi Khazna anafungua sebule, anawasha udi mpaka hatuonani nyuso, anamkalisha mgeni juu ya nailoni inayolia kila akipumua. Rudaina anaingia na sinia la kahawa. Anafika katikati ya zulia, anaanza. Koho, koho, vikombe vinacheza. Yule mama anauliza kwa sauti ya sukari, "Binti ana mafua?" Bi Khazna anajibu, "Udi umemkaba tu, dada." Mgeni anakunywa, anasifu taa ya vioo, anaondoka, na hatumwoni tena. Mtaa mzima ukawa unajua kwamba binti wa Baba Muflih ana kifua kibovu.

Rudaina mwenyewe alicheka. "Waambieni mimi ni gari la zamani," alisema. "Asubuhi nakohoa kidogo, nikishapata moto naenda vizuri." Lakini nilimwona siku moja akiosha vikombe vile vya kahawa, kimoja kimoja, taratibu mno, na nikatoka jikoni nisimwone anafanya nini na macho yake. Nampenda sana wifi yangu, na nilitamani kuwafuata wale akina mama mmoja mmoja niwapige kwa mwiko.

Ndipo akaja Maamun. Mwalimu wa michezo kutoka Ajlun, kifua kama mlango, alihamishiwa shule anayofundisha Rudaina. Kikohozi alikisikia siku ya kwanza, akamletea chungwa. Hakuja na mama wa kutazama, alimwambia mama yake kwamba ameshatazama mwenyewe. Jaha ikapangwa Ijumaa, katikati ya siku za Saad Mchinjaji, ambazo baridi yake huchinja mbuzi bila kisu. Bi Khazna alilia kwa furaha, kisha akakagua ufunguo wake.

Wiki hiyo theluji ikaanguka, ikalala juu ya paa, ikaanza kuyeyuka. Mlizamu? Kesho, mama.

Siku chache kabla ya Ijumaa tukaingia sebuleni kuandaa. Watu wa jaha ni wengi, makochi hayatoshi, ilibidi yasogezwe yapatikane nafasi ya viti vya plastiki. Muflih akashika kochi kubwa upande mmoja, mimi upande wa pili. Tangu lilipotoka Kuwait halikuwa limesogezwa. Tukavuta.

Ukuta wa nyuma yake ulikuwa mweusi. Sisemi doa. Doa tulilijua, lile dogo la juu karibu na dirisha, ambalo kila mwaka Bi Khazna hulipaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye aliziba kila mwaka, kwa rangi. Hili lilikuwa kuvu kutoka sakafuni mpaka kiunoni kwangu, na pale rangi ilipokuwa imevimba, Muflih aligusa kwa kidole, maji yakachuruzika. Chini ya nailoni, mahameli ya komamanga ilikuwa imeota manyoya ya kijani kama mkate uliosahaulika kabatini. Na harufu ile ambayo miaka yote tuliifunika kwa udi ikatutokea uchi.

Rudaina alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka akashika ukuta, akatoka uani, na huko uani, kwenye baridi ya kuchinja mbuzi, tukamsikia akipumua vizuri. Akarudi mlangoni. Akaanza tena.

Nilimtazama Bi Khazna. Alitazama ukuta, akatazama mlango wa mbao unaotenganisha sebule na kitanda cha binti yake, kisha akamtazama Rudaina. Niliona jambo likimwingia polepole, na sitaki kuuona tena uso wa mama ukiwa vile.

"Tuning'inize zulia ukutani," Muflih akasema haraka. "Tusugue, tuwashe udi. Saa moja tu, mama, wakishakunywa kahawa wataondoka."

Tukasugua. Siki, maji moto, vitambaa tumejifunga puani. Weusi ulitoka, madoa yakabaki, harufu ikabaki. Makochi tukayafuta, tukayapiga, yakatoa vumbi la kijani. Bi Khazna akaenda kukaa kwenye kizingiti, mikono magotini.

"Nilimwambia watakaa," akasema. "Mtu alikaa juu ya gunia jangwani. Maisha yake yote kitu kimoja tu aliniomba."

Rudaina akachuchumaa mbele yake. "Mama, baba alitaka niolewe. Hakutaka niolewe na makochi."

"Nyamaza, huna adabu," Bi Khazna akasema, na akamshika kichwa akakibana kifuani pake.

Jioni hiyo alikivuta kitanda cha Rudaina mwenyewe mpaka chumba cha moto, akakataa kusaidiwa. Asubuhi hatukulisikia sana lile gari la zamani. Kesho yake tena, kidogo zaidi. Tulikunywa chai kila mtu akijifanya hasikilizi. Alhamisi Bi Khazna akasimama katikati ya chumba, akachomoa ufunguo wa uzi mwekundu, akamtupia mwanawe.

"Toa makochi. Yote. Peleka uani."

"Mama! Na jaha?"

"Jaha itakaa hapa."

Muflih akatazama magodoro ya sakafuni, birika, kamba na soksi zake. "Wazee wa Ajlun? Tuwakalishe chini ya nguo za ndani? Watu watasema nini?"

"Kamba itolewe," Bi Khazna akasema. "Mpaka sasa wamesema nini?"

Ijumaa wakaja. Kwa desturi wageni hupanda ngazi za pembeni moja kwa moja mpaka mlango wa sebule, kwa hiyo wakaenda huko, wakakuta makochi uani yamelala kichalichali, na Muflih akiwaita, masikio mekundu, "Huku, waheshimiwa, huku!" Aliyewatangulia alikuwa Haji Dhiyab, mzee mrefu mwenye joho jeusi, mtu ambaye neno lake huko Ajlun linazima ugomvi. Akayatazama makochi. Akavuta pua. Akaingia.

Walibanana magoti kwa magoti kuzunguka jiko la mafuta. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo, na kupitia upenyo huo nilimwona baba mdogo wa Muflih akimimina kahawa na kuiweka mbele ya Haji Dhiyab. Mzee akaiacha sakafuni, kama inavyopaswa. Hainywi mpaka apewe alichokuja kuomba, na asipopewa ataondoka kahawa ikiwa imepoa, na mji mzima utajua. Akamsifu Mungu, akamsalia Mtume, akawataja wazee wetu kwa heshima. Kisha akanyamaza kidogo kabla ya ombi lenyewe, na chumba chote kikanyamaza naye.

Rudaina akakohoa.

Aliziba mdomo kwa taulo la vyombo, ikawa vibaya zaidi. Upande wa pili nikamwona mtu wa Ajlun akimnong'oneza jirani yake, na jirani akatazama chini. Maamun alikunja ngumi juu ya goti. Muflih aligeuka jiwe. Kama baba mdogo angesema "udi umemkaba", hapakuwa na udi.

Bi Khazna akajifunga mtandio. Mwanamke hasemi katika jaha, jambo hilo halihitaji kufundishwa. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya ubao wake, na sauti yake ikatoka wazi.

"Haji Dhiyab, samahani. Mimi mama yake. Mmesikia kikohozi, msije mkakichukua kwenda nacho Ajlun mkakijadili njiani. Si kifua cha binti. Ni chumba changu. Nimekifungia miaka yote nikiwawekea nyinyi wageni, sikukipa moto, sikukipa hewa, kikaoza, na mwanangu amelala mlangoni pake akivuta uozo huo. Makochi mmeyaona. Mume wangu aliniagiza muyakalie, nami nilimwahidi. Nimemvunjia neno lake ili nisimvunje binti yake. Kama kuna aibu, ni yangu, msimpe yeye."

Rudaina alikuwa ameshika mkono wangu mpaka vidole vikauma.

Haji Dhiyab alijikuna kidevu. "Mama Muflih," akasema, "mke wangu anacho chumba hicho hicho. Makochi yake ya kijani. Miaka yote nilidhani ile harufu ni ya udi wa bei mbaya."

Mtu akacheka puani, mwingine akamfuata, na mara wazee wote wa Ajlun wakawa wanatikisika magoti kwa magoti, kila mmoja na sebule yake akilini. Hata Muflih akacheka.

"Na nikwambie lingine," mzee akaendelea, akinyoosha miguu kuelekea moto. "Nimekwenda jaha nyingi kuliko mvi zangu. Zote nimekaa juu ya nailoni, meno yanagongana, nikiomba wakatae haraka nirudi nyumbani. Hii ya leo ndiyo ya kwanza magoti yangu yamefurahi." Hapo akakaa sawa, sauti ikarudi ya kazi. "Tumekuja kumwomba Rudaina kwa mtoto wetu Maamun. Yeye na kikohozi chake. Akikimaliza, heri. Asipokimaliza, mtoto wetu ni mwalimu wa michezo, atamkimbiza."

Baba mdogo akamtazama Muflih, Muflih akatazama mlango wa jikoni. "Kunyweni kahawa yenu," baba mdogo akasema, "mmepata mlilolijia." Mzee akainua kikombe. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi siku hiyo niliona mwenyeji akipona kwa macho yangu. Bi Khazna alikaa juu ya gunia la mchele, akalia, akatutukana kwa nini kunafa, keki ya sherehe, bado haijakatwa.

Kiangazi Rudaina akaolewa. Kiangazi hicho hicho Muflih, kesho yake ikiwa imefika hatimaye, alizibua mlizamu, akachimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji ya mlima yapite kando, akakwangua rangi yote ya mafuta, akapaka chokaa inayouacha ukuta upumue. Makochi tukayachoma, isipokuwa kiti kimoja ambacho mbao zake zilikuwa nzima. Bi Khazna alikiweka juani mpaka kikawa cheupe, akakishonea pamba ya kawaida yenye maua, akakirudisha sebuleni peke yake, mbali na ukuta. Wala hakukikalia.

Kipupwe kilichofuata nyumba ikabadili wimbo. Asubuhi, baridi inauma, sisi tumejikunyata, yeye anapita akifungua madirisha. "Fungueni! Birika limelala humu usiku kucha, lipeni ruhusa litoke!" Tukipiga kelele anasimama pale pale mpaka vioo vikauke, ndipo afunge. Rudaina alipokuja kututembelea na mumewe, alikohoa mara moja tu, na ilikuwa punje ya wali.

Asubuhi moja ya Arobaini aliniita sebuleni. Nikamkuta amekaa kwenye kile kiti. Kwa mara ya kwanza, mgongo wima, mikono juu ya vishikio, kama mtu aliyepanda gari la mkubwa. Dirisha limefunguliwa. Nilirudi jikoni nikamletea kahawa katika vile vikombe vya wageni. Akaipokea, akainama, akaiweka sakafuni.

"Sinywi," akasema.

"Mbona, mama? Imeungua?"

"Nimekuja na jaha."

Nikacheka. "Jaha ya mtu mmoja?"

"Siko peke yangu," akasema, akapapasa kishikio cha kiti. Hapo nikaacha kucheka. "Tumekuja kuomba chumba hiki kwa ajili ya wajukuu zetu. Jiko la pili nitalinunua mimi. Walale humu, warukeruke, wachafue zulia."

"Na wageni?"

"Wageni watakaa tunapokaa sisi." Akanitazama, macho yamejaa, kidevu kimeinuliwa kama mzee wa Ajlun. "Kahawa inapoa, binti wa Irbid. Unatupa au tuondoke?"

Nikainama nikakiokota kikombe, nikamwekea mkononi.

"Kunyweni kahawa yenu, mama," nikamwambia. "Mmepata mlilolijia."